Mgongo uliofuata mwezi: kisa cha mama wa dagaa

Kisa hiki ni cha mama wa miaka 52, mfanyabiashara wa dagaa, anayeishi mlimani upande wa Kitangiri jijini Mwanza. Hununua dagaa wabichi ufukweni Igombe, huwaanika, huwafungasha kwenye magunia na kuwauza sokoni Mwaloni, Kirumba. Amenipa ruhusa nikiandike, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Nakiandika kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho karatasi ya mazoezi tunayowapa wagonjwa sisi wa mazoezi tiba haikionyeshi. Kwa mtu mwenye maumivu sugu, kazi kubwa ni kusawazisha siku nzuri na siku mbaya, na zoezi ni chombo cha kufanyia kazi hiyo.

Alikuja na maumivu ya mgongo wa chini, upande wa kulia zaidi, yanayoshuka hadi kwenye tako na kuishia juu ya goti. Yalikuwa na miaka mitatu. Yalianza siku moja alipoinua gunia huku amejipinda, akasikia kitu "kimechomoka", akakaa chini palepale mchangani. Kitabibu maumivu huitwa sugu yakizidi miezi mitatu, kwa hiyo ya huyu yalikuwa yamevuka mpaka huo zamani.

Kabla ya kufika kwangu alikuwa amepita mikono mingi. Alipigwa eksirei akaambiwa pingili zimesagika. Alivaa mkanda wa mgongo mpaka ukamchubua kiunoni. Alichuliwa kwa mafuta ya kondoo, akachomwa sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila yalipopanda, na katikati ya sindano moja na nyingine alikuwa akimeza vidonge vyake kutoka duka la dawa karibu kila siku. Kila alikokwenda aliambiwa apumzike, alale kwenye godoro gumu, na asiiname.

Asiiname! Mwanamke anayetandaza dagaa mchangani, anayewageuza kwa mkono jua likiwa kali na kuwazoa kabla ya umande, anaambiwa asiiname. Ushauri huo haukumfanya aache kuinama, kwa sababu watoto wanakula kutokana na kuinama huko. Ulichomfanyia ni kumtia hofu kila alipoinama.

Hilo la pingili kusagika lilikuwa limemkaa kichwani kuliko kitu kingine chochote. Nilimweleza kwamba watafiti waliwahi kukusanya picha za CT na MRI za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 50, asilimia 80 walionekana diski zao, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zimechakaa, na hata kwa wenye miaka 20 ilikuwa asilimia 37. Wote hao walikuwa wakiendelea na maisha bila kulalamika. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata wewe mwanangu, wako umesagika?" Nikamjibu kwamba kwa umri wangu inawezekana kabisa. Nadhani jibu hilo lilimsaidia kuliko takwimu zenyewe.

Kabla ya kuzungumzia zoezi lolote, kuna mambo lazima yaondolewe kwanza, hasa huku kwetu. Nilimuuliza kuhusu homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito na kikohozi cha muda mrefu, kwa sababu kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo. Nikauliza kama hunywa maziwa mabichi, kwa ajili ya bruselozi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kwa maziwa hayo na unaoweza kuingia mgongoni. Nikauliza ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kubwa kutoka bila kujizuia au kugoma kutoka, na miguu kukosa nguvu. Mwenye dalili za namna hiyo anakwenda kwa daktari siku hiyohiyo, haanzishiwi matembezi. Watu wa pembezoni mwa ziwa nawauliza pia habari za kichocho, maana mara chache mayai ya minyoo yake hufika kwenye uti wa mgongo na kudhoofisha miguu. Yeye hakuwa na lolote kati ya hayo. Nguvu za miguu zilikuwa sawa, hisia sawa. Kilichonitia wasiwasi ni diklofenaki za kila siku kwa mtu mwenye presha ya kupanda, kwa kuwa dawa za kundi hilo huongeza presha, huumiza figo na kuchimba tumbo. Nilimrudisha kwa daktari kwa ajili hiyo, naye akapimwa figo na kubadilishiwa utaratibu wa dawa.

Kisha nikaweka sarafu sakafuni na kumwomba aiokote.

Alivuta pumzi akaibana. Mkono wa kushoto ukashika paja, wa kulia ukatafuta ukingo wa meza. Alishuka kwa ubavu, goti moja kwanza, mgongo umenyooka na kukakamaa kama mtu aliyefungwa ubao, akaiokota, akapanda kwa njia ileile. Uso ulikuwa umekunjika tangu kabla hajaanza kushuka. Nilipomlaza chali kitandani na kumwambia avute magoti yake kifuani, aliyavuta yote mawili bila shida, akakaa hivyo tukiongea habari za bei ya gunia. Mgongo ule ulikuwa umejikunja kuliko sarafu ilivyokuwa ikidai. Uwezo wa kukunjika ulikuwepo, ila mwili ulikuwa umeukataza pale tu unapokuwa umesimama na sakafu iko mbali.

Kalenda

Nilimwomba aweke alama kila jioni kwenye kalenda ya ukutani: maumivu kuanzia 0 hadi 10, na neno moja la kazi aliyofanya. Mwanawe wa sekondari alikuwa akimwandikia. Aliporudi nayo, tuliitandaza mezani na jambo likaonekana bila kutafutwa.

Anayejua uvuvi wa dagaa atalielewa mara moja. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina kazi, mitumbwi mingi hupumzika siku kumi hivi, na biashara yote ya ufukweni hupoa nayo. Mama huyu alikuwa akifanya kazi siku za giza bila kujihurumia: kuamka saa tisa usiku, kupokea mzigo, kubeba ndoo, kuanika, kugeuza, kufungasha, kuinua. Namba zake zilianza na 4, zikapanda taratibu hadi 8. Mbalamwezi ilipoingia alianguka kitandani. Siku za kwanza zilibaki 8 na 7, kisha zikashuka, na alipoanza kujisikia nafuu giza lilikuwa limerudi. Akaingia tena kazini kwa kasi ileile, akiwa na mwili uliolala zaidi ya wiki.

Miaka mitatu ya mzunguko huo. Kila mbalamwezi ilimchukulia nguvu kidogo ambazo hazikurudi, na kila giza lilimkuta dhaifu kuliko lililotangulia, mzigo ukiwa uleule.

Kalenda ilionyesha na jambo la pili. Tarehe zake zote za hospitali zilikuwa za mbalamwezi, kwa kuwa ndipo alipopata muda. Waliomwona walimwona siku mbaya kuliko zote, amejikunja, wakamchoma sindano na kumwandikia mapumziko. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Simlaumu yeyote kati yao, foleni za kliniki tunazijua. Lakini ndiyo sababu mapumziko yaliendelea kuandikwa kwa mtu ambaye mapumziko yalikuwa nusu ya tatizo lake.

Mpango

Wazo nililolitumia si langu. Mwanasaikolojia wa Marekani Wilbert Fordyce, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alilifanyia kazi tangu miaka ya 1960: mgonjwa wa maumivu sugu apangiwe kiasi cha shughuli mapema, akifanye kiasi hicho, asipunguze siku maumivu yakiwa makali na asizidishe siku akijisikia vizuri. Mpango ndio unaoamua, maumivu yanabaki kuwa habari tu. Kwa mama huyu maana yake ilikuwa mambo mawili: kuinua kiasi cha shughuli siku za mbalamwezi na kukishusha siku za giza.

La kwanza lilikuwa rahisi kulieleza, gumu kulikubali. "Nitembee wakati naumwa?" Nikamwambia mishipa yake ya fahamu imekuwa kama mbwa wa mlinzi aliyeshtuliwa mara nyingi usiku, mpaka sasa anabwekea hata jani likidondoka. Kumfungia ndani hakumtulizi. Hutulia akipitishwa taratibu kwenye yale yanayomshtua, kidogo kidogo, mpaka aone hakuna mwizi.

Tulitafuta kiwango cha kuanzia kwa kupima, si kwa kukisia. Siku tatu alitembea mpaka alipohisi sasa angependa kusimama, akaangalia saa: dakika 12, dakika 9, dakika 15. Wastani ni 12, tukaanzia 10, chini kidogo ya anachokiweza. Mgonjwa anayeanza chini ya uwezo wake humaliza siku yake ya kwanza akiwa ameshinda. Tuliongeza dakika 2 kila baada ya siku nne, bila kujali siku ile ni nzuri au mbaya.

Mahali pa kutembea palitusumbua kuliko dakika. Nyumba yake iko juu ya miamba na kushuka kwake ni ngazi za mawe, kwa hiyo mlango tu ukifunguliwa tayari kuna mlima. Na mama wa umri wake akionekana asubuhi anatembea bila safari, majirani wataanza kuulizana. Alilitatua mwenyewe: anashuka na kikapu mkononi, khanga mbili, raba za mwanawe miguuni, anafuata barabara ya Makongoro hadi uwanja wa CCM Kirumba na kurudi. Kwa anayemwona, ni mama anakwenda sokoni. Ngazi za kurudi tulizihesabu kuwa sehemu ya zoezi, apande nusu, apumzike akiwa amesimama, amalizie.

Mazoezi ya nguvu yalikuwa matatu. Kukaa na kuinuka kwenye stuli bila kushika kitu. Kulala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, na kuinua kiuno. La tatu ndilo nililolipa uzito kuliko mengine, kuinua ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ni mizani ambayo kila nyumba inayo. Alianza na lita 3, akiichukua juu ya stuli na kuirudisha juu ya stuli. Baadaye kutoka kwenye tofali mbili, kisha tofali moja, kisha sakafuni. Nilimwambia apumue akiwa anainama na auache mgongo ujikunje unavyotaka. Hilo lilimshangaza, maana kwa miaka mitatu alikuwa amefundishwa kinyume chake. Mkanda tuliuacha kwa hatua, kwanza nyumbani, kisha njiani, mwisho kazini.

La pili, kushusha siku za giza, halikuhusu mazoezi hata kidogo, lakini bila hilo mazoezi yasingefika popote. Tulikubaliana kwamba magunia yaliyojaa yabebwe na kuli, hata kama ni hela inayotoka mfukoni. Kuanika kwa kuinama kugawanywe, nusu saa ya kuinama, kisha kazi ya kusimama kama kupima na kuhesabu, kisha kuinama tena. Na siku za giza atembee vilevile, ila dakika pungufu, kwa kuwa miguu tayari imefanya kazi.

Mvua

Namba zilianza kushuka mwezi wa pili. Mwezi wa tatu, mvua ilimkuta dagaa wakiwa mchangani. Aliyewahi kuanika anajua ile hofu: dagaa wakilowa wanaharibika, na mtaji wote uko chini. Alizoa, akabeba, akarudi, akabeba tena, magunia mabichi mazito, hakuna kuli aliyekuwa karibu. Kesho yake alikuwa 9 kati ya 10.

Alinipigia simu sauti ikiwa chini. "Dokta, yale mazoezi yako yameniua." Nyuma yake nilimsikia binti yake akisema mama asirudi tena kule. Duka la dawa lilikuwa hatua chache na sindano alikuwa anaijua.

Hapa ndipo wagonjwa wengi tunawapoteza, na huwa tunasema wameshindwa kufuata mpango. Mimi naona mpango usiokuwa na ukurasa wa siku kama hiyo ndio ulioshindwa. Wetu ulikuwa nao, tuliuandika tangu mwanzo: maumivu yakilipuka, kwanza jiulize yale maswali ya hatari, miguu, mkojo, ganzi, homa. Kama hakuna, kata kila kitu nusu, usikate chote. Nusu ya dakika, nusu ya ndoo, siku tatu. Siku ya nne panda robo. Usilale mchana zaidi ya unavyolala siku zote.

Nikamuuliza, "Mama, jana ulibeba nini?" Akanitajia. "Na kwenye mazoezi tumewahi kufikia uzito huo?" Kimya, kisha, "Hapana." Tukaongea na binti pia, kwa sababu nyumba ikishaamini kwamba mazoezi ndiyo yameumiza, mgonjwa hana pa kusimamia. Siku hiyo alitembea dakika 12 badala ya 24, akashikilia ukuta kwenye ngazi. Alimeza dawa aliyoandikiwa na daktari, hakuchomwa sindano. Siku ya sita alikuwa amerudi kwenye 5. Awali mlipuko wa namna hiyo ulikuwa ukimlaza mbalamwezi nzima.

Nikiambiwa nichague wiki moja iliyobadili kisa hiki, nachagua hiyo. Dakika na ndoo zilimjenga mwili, lakini ni wiki ile ya mvua iliyompa ushahidi, kwa mwili wake mwenyewe, kwamba maumivu yanaweza kupanda mpaka juu na yakashuka bila kulala na bila sindano.

Matokeo, na nini hasa kilifanya kazi

Baada ya miezi sita, namba za giza zilikuwa zikicheza kati ya 3 na 5, za mbalamwezi kati ya 2 na 4. Anatembea dakika 30, siku tano kwa wiki. Anainua lita 15 kutoka sakafuni. Anakaa kikao chote cha kikoba bila kusimama nyuma ya viti. Diklofenaki za kila siku zimekoma na presha inafuatiliwa. Sarafu anaiokota akiendelea kuongea.

Maumivu hayajaisha. Bado huamka mgongo umekaza na huchukua muda kunyooka, na usiku wa kwanza wa giza bado humwuma. Nilimwambia hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu takwimu kubwa tulizonazo zinasema hivyo. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini, yakakuta kwamba ukilinganisha na kutopewa tiba, huduma ya kawaida au tiba bandia, mazoezi hupunguza maumivu kwa wastani wa alama 15 katika 100. Huo ni msaada wa kweli, na una kikomo. Anayemwahidi mgonjwa kwamba akifanya mazoezi atapona kabisa anamwandalia siku ya kukata tamaa. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu haya, linapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na halipendekezi mikanda ya mgongo itumike kama tiba ya kawaida.

Je, ni misuli iliyoimarika? Sehemu, labda. Lakini namba zilianza kushuka mwezi wa pili, wakati ndoo ilikuwa bado ya lita 5, na lita 5 hazijengi misuli ya kubeba dagaa. Ninavyolisoma, mambo matatu yalitangulia: hofu ya kuinama ilipungua, usingizi ukawa mzuri kwa sababu mwili ulichoka kwa kiasi kila siku, na lile bonde la siku kumi za kitanda likafukiwa. Nguvu zilifuata baadaye na kuyashikilia hayo. Mgonjwa mmoja hathibitishi nadharia, na kuli wale walipunguza mzigo ambao pengine peke yake ungetosha kupunguza namba za giza. Kilichonifanya nisilipe hilo uzito wote ni namba za mbalamwezi, siku ambazo kuli hana kazi, nazo zilishuka pia.

Kwa mwenzangu atakayekutana na mgonjwa wa namna hii, aanze na kalenda kabla ya karatasi ya mazoezi, na asiitafute wiki tu, atafute mwezi. Mkulima wa pamba wa Magu ana msimu wake, mpiga mbizi wa mchanga ana wake, mama wa dagaa ana mwezi wa angani. Wiki moja ya huyu mama ingetuonyesha maumivu yanayopanda tu au yanayoshuka tu, nasi tungepanga dozi isiyomfaa.

Kimebaki kitu ambacho chumba changu hakiwezi kukitoa. Dagaa wa ufukweni wanaendelea kuanikwa chini, na mgongo unaoinama saa nyingi kila siku utadai haki yake hata ukiwa na nguvu. Vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa hadi usawa wa kiuno vimekuwa vikihimizwa kandokando ya ziwa kwa sababu ya usafi, dagaa wasichanganyike na mchanga. Kwa macho ya mazoezi tiba, kichanja ni tiba ya mgongo. Kikundi chake cha wanawake kimeshajenga kimoja cha miti na neti kuukuu. Sehemu ya mzigo wake sasa anaianika hapo, akiwa amesimama, na sehemu iliyobaki bado iko mchangani mpaka wapate miti ya kichanja cha pili.